Mtoto wa Kwanza wa Nchi na Tangi la Mama Mkwe

Jumatano, 3 Desemba 2025

Garsen. Joto la kuivisha yai. Josephine, mke wangu, bado yuko kwao Ngao, anamchotea mama yake maji mtoni. Yote kwa sababu ya tangi la mama yake. Tangi tu! Plastiki! Nililikata katikati kwa nia njema: nusu ya chini bwawa la kambare, nusu ya juu kivuli chao. Mama mkwe angekula samaki mpaka aniombee dua. Nani angejua korongo wa Ngao huamka mapema kuliko mwenye samaki? Walimaliza kambare wote, na mmoja akabaki amesimama bwawani kama mgeni anayesubiri chai. Josephine akasema atarudi siku tangi litakaporudi. Akafunga mlango kwa upole. Ule upole ndio unaonitisha.

Lakini leo Mungu amenikumbuka. Mama Dinah, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa kamati yetu ya sherehe ya Jamhuri, ametangaza kwamba mwaka huu atatafutwa mtoto wa kwanza wa nchi: mtu wa huku Tana aliyezaliwa siku ile ile Kenya ilipoanza. Atakaa mbele, kwenye kiti chenye mto, na atazawadiwa tangi la maji. Tangi! Jipya! Nilishika ukingo wa benchi nisiruke.

Mama Dinah amesema siku yenyewe ni 12 Desemba 1963, hakuna mjadala. Mama mkwe wangu, Bi Asenath, ni wa miaka hiyo hiyo. Lazima awe. Tatizo ni moja: mkwe haulizwi. Kwetu mwanamume hamkodolei macho mama mkwe, sembuse kumuuliza habari za kuzaliwa kwake! Afadhali umuulize mamba umri wake. Nimemtuma Ngumbao, mpwa wake, na chane mbili za ndizi.

Alhamisi, 4 Desemba

Ngumbao amerudi. Chane moja ilifika. Ya pili anasema ilianguka njiani. Iliangukia mdomoni mwake, bila shaka.

Jibu ni hili: Bi Asenath alizaliwa mwaka ule Mzungu wa Ngao alipofunga mizigo akaenda kwao, na siku yenyewe mto ulikuwa umefurika mpaka jikoni.

Mzungu kafunga mizigo: uhuru! Sitini na tatu! Mto umefurika: masika! Basi ni Juni, si Desemba. Ikanibidi niihamishe nchi.

Jioni nikasimama mbele ya kamati. Nikawaeleza kwamba nchi ilianza siku ya Madaraka, tarehe mosi Juni, tulipoanza kujitawala. Nyumba huanza siku unapowasha moto ukapika ndani yake, si siku unapoletewa hati. Nilipiga meza. Sauti yangu ilinipendeza mwenyewe. Mama Dinah akavua miwani, akaifuta, akakubali. Kamati nzima ikapiga makofi, hata Liban, yule dalali wa ng'ombe aliyewahi kuniuzia ndama chongo akasema ni adabu tu, hapendi kumtazama mtu moja kwa moja. Liban akinipigia makofi huwa nahesabu vidole vyangu.

Jumamosi, 6 Desemba

Mjanja yule! Liban amepeleka jina la mama yake, Bi Qabale, wa kule Bangale. Eti kazaliwa siku ya Madaraka yenyewe. Ana wazee mashahidi, na wote wanakumbuka vizuri kwa sababu siku hiyo ng'ombe wao mwekundu alizaa mapacha. Kwa Desemba alikuwa hana ng'ombe wala shahidi. Mimi ndiye niliyempa Juni, kwa mdomo wangu, na mfano wa moto juu yake.

Kibaya zaidi, Ngumbao amekuja kula kwangu mchana, na katikati ya ugali akakumbuka jambo. Shangazi alisema pia kwamba mkunga aliyemzalisha alikuwa akila embe bivu. Embe bivu Juni? Thubutu! Maembe yetu ni Desemba. Na mto huu hufurika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, jambo analolijua kila mtoto wa Tana isipokuwa mimi nikiwa na haraka. Nikamuuliza Ngumbao kwa nini hakuyasema hayo Alhamisi. Akasema sikumuuliza habari za maembe.

Basi ni Desemba. Lakini ile Desemba ya sitini na tatu nimekwisha kuiua mwenyewe, hadharani, kwa kupiga meza. Siwezi kurudi kuifufua, watu watanicheka mpaka Hola. Inatakiwa Desemba nyingine.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimeipata! 12 Desemba 1964! Ilikuwepo siku zote, imekaa kimya.

Nikaieleza kamati kwamba mwaka wa sitini na tatu bado tulikuwa chini ya taji la Malkia. Jamhuri hasa ilikuja mwaka uliofuata. Kupika si hoja, hata mpangaji hupika. Nyumba inakuwa yako siku mwenye nyumba anapoacha kuja kukagua paa. Mtu mmoja nyuma akauliza kama si mimi niliyesema habari za moto. Nikamjibu kwamba mtu mwenye akili hukua.

Liban akainuka. Kumbe wazee wake wamehesabu upya na wamegundua kwamba wale mapacha wa ng'ombe mwekundu walizaliwa Desemba ya sitini na nne. Tarehe kumi na mbili. Asubuhi. Mashahidi ni wale wale! Halafu, bila haya, akasema amesikia Bi Asenath alizaliwa Kipini kwa shangazi yake, na Kipini ilikuwa ndani ya zile maili kumi za pwani zilizokuwa za Sultani kwenye karatasi. Kwa hiyo ni mgeni wetu wa heshima, apewe soda, si tangi.

Damu ikanipanda. Nikasema udongo wote wa Kipini umepelekwa na mto kutoka Ngao, kwa hiyo Kipini ni Ngao iliyosafiri. Hoja nzuri kabisa, na ilinijia papo hapo. Mama Dinah akasema kufikia mwaka wa sitini na nne Sultani alikuwa ameshatoka katika habari hii, na sisi wawili tungefanya vizuri tukimfuata.

Kisha akafoka. Nchi yetu, alisema, imeanza mara tatu ndani ya wiki moja na kamati haijanywa hata chai. Akina mama wenyewe waletwe Ijumaa, waulizwe mbele ya watu.

Waulizwe! Mbele ya watu! Mama mkwe na ukweli wake!

Jumatano, 10 Desemba

Nimekwenda Ngao. Sikuwa na njia nyingine.

Nilisimama nje ya jiko, mgongo ukutani, macho mtoni, kama inavyompasa mkwe. Mama mkwe alikuwa ndani akipepeta mchele. Karibu yangu palikuwa na mbuzi wake, amefungwa kwenye kigingi. Nikamwambia mbuzi, kwa sauti ya kutosha:

"Ewe mbuzi, Ijumaa ukiulizwa ulizaliwa lini, sema kumi na mbili Desemba, sitini na nne. Usisahau, mbuzi. Kuna tangi."

Ungo ukanyamaza. Mbuzi akanitazama. Halafu mama mkwe naye akasema na mbuzi:

"Ewe mbuzi, mwambie huyo kambare aliyesimama hapo nje kwamba mtu hachaguliwi siku yake kama kuku wa sikukuu. Na umuulize kama amekula."

Sikujua nimeshinda au nimeshindwa. Nilikula. Josephine aliniletea wali bila kunitazama, lakini alikuwa anajiuma mdomo asicheke. Viganja vyake vimeota sugu za mtungi. Nilitaka kumwambia kwamba namkumbuka, kwamba nyumba bila yeye ni paa na panya tu, kwamba nimekula ugali mkavu wiki nzima. Nikasema wali una chumvi nzuri. Akasema chumvi haihitaji tangi, akaondoka na sahani.

Ijumaa, 12 Desemba

Siku yenyewe! Asubuhi mapema, ili watu wawahi swala ya mchana. Hema, bendera, watoto wa shule wakiimba, chifu amekaa jukwaani na kofia yake.

Bi Asenath na Bi Qabale wakaletwa mbele. Nilitegemea wanuniane. Wakakumbatiana! Kumbe wanajuana tangu utotoni. Watu wa Qabale walikuwa wakishusha ng'ombe mtoni kila kiangazi, na wasichana hao wawili wakibadilishana, huyu maziwa, huyu mahindi. Wakashikana mikono wakawa wanacheka wenyewe. Mimi na Liban tukatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tunafikiria kitu kimoja.

Mama Dinah akampa Bi Asenath kipaza sauti. Nikainamisha kichwa, kwa heshima na kwa hofu.

"Siku hiyo bendera ilipopandishwa," alisema, "mimi nilikuwa na mtungi wa maji kichwani. Nikakimbilia kutazama, nikaanguka, mtungi ukavunjika. Nikachapwa. Sasa niambieni, mtoto wa siku moja huchapwa?"

Uwanja ukalipuka. Akaongeza kwamba yule Mzungu aliyefunga mizigo mwaka aliozaliwa yeye alikwenda likizo tu. Akarudi na mke. Likizo! Nilitafuta pa kujificha, nikapata mgongo wa Ngumbao, ambao hautoshi.

Bi Qabale akapokea kipaza sauti. "Kweli tupu," akasema. "Mimi iko hapo. Mimi nacheka sana yeye nachapwa." Liban akafumba macho.

Mama Dinah akawauliza basi nchi ilianza lini. Bi Asenath akasema kwa upande wake ilianza siku alipopewa kitambulisho, tayari ana watoto wanne mgongoni. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa Ngao tu, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

"Mimi bado," akasema Bi Qabale. "Chifu nasema rudi Jumanne. Jumanne nikirudi, nasema Jumanne."

Watu walicheka mpaka kamba ya hema ikakatika. Chifu akatazama viatu vyake. Mama Dinah akasubiri kimya kirudi, akasema amesikia ushahidi wa kutosha. Kama Kenya ya Bi Qabale itaanza Jumanne ijayo, basi hakuna mtoto mchanga kuliko yeye hapa uwanjani, na tangi ni lake. Na chifu amesikia kwamba Jumanne hii itakuwa ya mwisho.

Liban aliruka juu. Akaja akanikumbatia, kwa makusudi. Nikamwona Josephine nyuma ya umati, ametulia, na moyo ukanishuka mpaka kwenye malapa. Hakukuwa na tangi. Hakukuwa na mke. Nilitaka kulia, na nilikuwa nimeanza kidogo.

Hapo Bi Qabale akalisogelea tangi akalipiga kofi. "Ng'ombe nahama," akasema. "Mimi nahama. Hii kitu nahama?" Akasema tangi likae Ngao kwa rafiki yake. Yeye akishuka na ng'ombe kiangazi atakunywa hapo hapo, na mahindi atakula. Liban akafungua mdomo. Mama yake akamtazama. Akaufunga.

Josephine akapita karibu yangu bila kusimama. Akasema nifagie nyumba, atakuja kesho.

Nilifagia mpaka uani kwa jirani.

Jumapili, 14 Desemba

Josephine amerudi! Chai ina tangawizi, panya wamehama, na amenicheka mara mbili kuhusu mbuzi. Nimeapa mbele yake kwamba mimi na mipango basi. Nilimaanisha kabisa.

Alasiri nikaenda Ngao kumsalimia mama mkwe, kupitia kwa mbuzi kama kawaida. Tangi limesimama kando ya jiko, jeusi, linang'aa. Liban naye alikuwepo, anasema amekuja kulinda mali ya mama yake. Tukalizunguka pamoja kwa amani. Ni mtu mzuri Liban, ukimzoea.

Nikaligonga kwa kidole. Chini, maji. Juu, tupu! Upepo mtupu! Vuli imechoka, na halitajaa mpaka masika. Nusu nzima ya tangi inakaa bure, mali ya watu wawili wazee wanaokunywa kidogo. Liban akanong'ona kwamba kosa langu mara ile lilikuwa kambare. Korongo hawezi kumeza bata. Bata! Sikuwahi kumdhania Liban kuwa mtu wa akili.

Na ukifikiri vizuri, tangi huanzia wapi? Si pale plastiki inapoanza. Tangi ni pale maji yanapofika. Juu ya hapo si tangi tena, ni kitu kingine ambacho bado hakijapata jina, na mtu akikikata hajakata tangi la yeyote. Liban amekubali. Nimeazima msumeno kwa Ngumbao, nimemwambia ni wa kuni.

Hakuna aliyetusikia. Ungo ulikuwa umenyamaza jikoni, bila shaka mama mkwe alikuwa amelala. Pale nje palikuwa na mbuzi tu, na mbuzi hasemi.