Kolone Haijipanui Yenyewe

Jumatatu, 3 Septemba 2001
Itangazwe rasmi, mbele ya mbingu na mto: leo saa tatu asubuhi mimi, Hilaire, nimezaa jedwali. Bila kuligusa! Programu yangu imelitoa yenyewe kwenye kompyuta ya parokia: majina themanini na sita ya watu waliopotezana na jamaa zao vitani, watakaoletwa na boti ya Jumamosi kutoka Barumbu. Odile, dactylo wetu, mpiga chapa, angelipiga siku mbili kwa mashine yake. Ameuliza kwa nini majina yamekatika kama mikia ya mijusi. Wivu.

Jumanne, 4 Septemba
Yamekatika kweli. Na tarehe za kuzaliwa zimegeuka ########. Nimesoma maelezo ya bibliothèque niliyotumia (si ya vitabu, ni amri walizoandika wengine, mimi naziazima). Iko wazi: inaandika faili tu, herufi haizioni, upana haiupimi. Kolone zote, yaani safu za jedwali, zinazaliwa nyembamba sawasawa. Kuzipanua ni kazi ya mwandishi. Bon. Mwandishi ni mimi.
Nimemwambia Papa Alphonse, mkuu wetu, kwamba hizo alama ni siri ya usalama. Amenisifu! Amebandika orodha mlangoni mwa kanisa.

Jumatano, 5 Septemba
Amekuja Mama Clothilde, wa wavuvi wa maporomoko. Anamtafuta mwanawe, Lokinda Élie, mwaka wa tatu sasa. Hajui kusoma, nimsomee. Nikasoma: Lokinda Él. Akaketi chini, pale pale sakafuni. Akasema ni yeye, mutoto wake, iko njiani.
Jina zima limo ndani ya mashine. Kubofya mara moja kunatosha. Lakini Odile alikuwa ananitazama, na kubofya ni kukiri kosa. Nikasema ndiyo, mama.

Alhamisi, 6 Septemba
Balaa. Nilikuwa najisemea barabarani, kwa sauti, kwamba kolone ni nyembamba mno, kesho naipanua. Askari akasikia, na kwake kolone ni msafara wa wanajeshi. Kolone ya nani? Iko wapi? Inaelekea upande gani? Saa nne nzima kambini, nachora jedwali mchangani. Kamanda akauliza nani anaiongoza. Nikajibu: mimi. Kosa!
Odile ndiye aliyenitoa. Aliwaapia kwamba mimi siongozi kitu chochote. Walimwamini haraka kuliko nilivyopenda.

Jumamosi, 8 Septemba
Boti imefika. Mama Clothilde alikuwepo beach, pale boti zinapotia nanga, tangu alfajiri na liboke ya samaki waliookwa ndani ya majani, majani bado ya moto. Watu wakashuka mmoja mmoja. Papa Alphonse akaita: Lokinda!
Akaitika bibi kizee. Lokinda Élisabeth. Hakuna aliyekuja kumpokea.
Mama Clothilde alinitazama. Nikatazama mto. Kisha akafungua liboke yake, akamwambia yule bibi ale, itapoa.
Odile ameniuliza: donc, Hilaire, siri ya usalama ndiyo hii?

Jumapili, 9 Septemba
Dawa imepatikana! Orodha ya boti ijayo: kolone ya majina nimeipa upana wa herufi mia moja. Hata Nebukadreza asingekatika. Vijiji na tarehe vimesukumwa nje ya karatasi, lakini hilo ni kosa la karatasi. Papa Alphonse nitamwambia ni usalama.
Baada ya misa Mama Clothilde amekuja tena. Nimemsomea majina yote, mazima, polepole. Jina la Élie lingeenea vizuri kabisa.
Halimo.