Wastani wa Verlin Stachowiak

Ndugu Mhariri,

Ninakuandikia kwa utulivu, baada ya vikombe viwili vya kahawa na baada ya kulichana toleo lako la Jumapili vipande vinne, ambavyo nimevibandika tena ili ninukuu sawasawa.

Mwandishi wako wa michezo, Bwana Tobin Quarles, aliyehamia hapa Brennick juzi tu na tayari anajua kila kitu, ameichukua misimu kumi na mmoja ya Verlin Stachowiak, mdakaji wa timu yetu ya besiboli, akaipima kwa wastani wa ligi. Katika kila mara elfu alizosimama na gongo, Verlin alipiga mpira akafika salama mara 218. Ligi nzima ni 261. "Kwa takwimu," anaandika Bwana Quarles, "huyu hakuwa shujaa, alikuwa pengo."

Jumatatu baraza la mji likaahirisha kuupa uwanja jina la Verlin. Jumanne mzee huyo wa miaka sabini na miwili akarudisha funguo za uwanja anaoufyeka bila malipo. Tangu hapo hajaonekana mgahawani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimepiga hesabu. Upungufu huo ni mpigo mmoja kwa wiki. Mmoja! Bwana Quarles kwa wiki hukosea majina ya marehemu wawili kwenye tanzia, na hakuna aliyemnyang'anya kalamu.

2. Wastani haujawahi kuichezea Brennick. Sijauona ukichuchumaa nyuma ya mpigaji Julai nzima na kidole kimevunjika. Kwenye mazishi ya mume wangu haukuja. Verlin alikuja, akabeba jeneza, kisha akaosha vyombo.

3. Kama kipimo ndicho hicho, tupimwe sote. Chapisha jedwali la mahubiri ya Mchungaji Oakes dhidi ya wastani wa wilaya, kwa dakika na kwa idadi ya waliosinzia. Chapisha pai za boga za mke wa meya. Chapisha na mabusu ya Bwana Quarles, ambayo binti wa kaka yangu yuko tayari kuyatolea ushahidi. Nilipomuuliza alisema, "Shangazi, yule? Chini ya ligi kabisa."

4. Kisha kila kilicho chini ya wastani kifutwe jina. Tuanze na mto wetu, ambao ni mfupi kuliko mito yote ya jimbo. Tumalizie na mji wenyewe. Tutafunga virago, na Bwana Quarles atabaki na jedwali lake, alitawale.

Naomba basi radhi ukurasa wa mbele, jina kwenye uwanja, na Bwana Quarles ahamishiwe utabiri wa hali ya hewa, ambako kukosea ndiyo kazi.

Wasalimie wote ofisini, na mama yako, na yule mpiga chapa anayeumwa mgongo.

Wako kwa heshima na hasira,
Bi. Opal Hendershot

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Verlin akabisha hodi. Ameisoma barua hii akiwa wima, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Opal, acha kumwonea mtoto wa watu. Kanipendelea! Umesahau nani alikuwa anaandika matokeo?"

Ni kweli, Mhariri. Nilikuwa mimi. Mpinzani akiangusha mpira uliopigwa na mpigaji akafika salama, sheria inataka liandikwe kosa la mpinzani, si mpigo. Mimi niliandika mpigo wa Verlin. Tumekaa mezani tukahesabu: sabini. Wastani wake halisi ni 197. Anasema alijificha ili habari ife kabla Bwana Quarles hajachimba akanikuta mimi.

Chapisha 197, na jina langu.

Nimemuuliza kama wakati ule alijua. "Kila mara," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nakimbia kwa nguvu zote, nisikuaibishe."