Nusu Tatu za Safia

Isdory alikuwa amekwisha kuwauzia watu wa Kilindoni dawa ya kuotesha ndevu, bima ya kuku, na nafasi za kazi hifadhini ambazo hifadhi yenyewe haikuwa na habari nazo. Sasa mnunuzi wa ndevu, kidevu laini kama yai la kuchemsha, alikuwa akimtafuta na rungu. Isdory alihitaji dili moja la mwisho, kisha boti ya Jumamosi kwenda Nyamisati, asionekane tena.

Ndipo alipomwona Safia, mkulima wa mwani kutoka Juani, amekalia gunia lake nje ya ghala la mwani akicheza poka kwenye simu na watu asiowajua, kwa dau la shilingi mia.

"Dada, unashinda?"

"Jana nimeliwa mia saba. Leo nimekula mia nane."

"Kwa hiyo faida ni mia."

"Faida ni kwamba bando ni la shemeji."

Isdory alimtazama kama mganga aliyeona ugonjwa usio na jina wala bei. Jioni ile aliwaita watu watatu wenye akiba: Bimkubwa muuza mafuta ya nazi, Mwalimu Apolonia, na Mfaume muuza samaki.

"Fikirini chombo," aliwaambia, mkono kifuani. "Bahari ni mtandao. Chombo ni Safia. Ninyi ndio matajiri, mnatia mtaji, anakwenda kuvua karata. Mimi? Nahodha tu."

Kila mmoja, kwa siri, akauziwa nusu ya Safia.

"Nusu ipi, mwanangu?" aliuliza Bimkubwa. "Ya juu au ya chini?"

"Ya katikati, bibi. Ndiko kwenye faida."

Msomaji anayejua hesabu asihangaike; Isdory naye alizijua. Safia angepewa fedha kidogo achezee chumbani kwa Isdory, angeliwa zote siku ya kwanza, matajiri wangelia, na nusu ya hakuna ni hakuna hata ukiuza mia. Fedha nyingine zililala ndani ya foronya.

Kesho yake alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa Bimkubwa, na kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chombo kimerudi?"

"Kimerudi, ila hakikupata kitu."

"Na kitoweo?"

"Bibi, zile ni karata!"

"Karata au pweza, tajiri hatoki pwani mikono mitupu. Kwanza kitoweo, hesabu baadaye. Nahodha asiyetoa kitoweo kuna jambo analificha."

Neno hilo lilimkata maini Isdory, kwa kuwa kweli alikuwa na jambo. Akachomoa noti kwenye foronya, akakimbia sokoni kununua kolekole watatu kwa Mfaume. Mfaume akapokea fedha, akawafunga samaki vizuri, akafunga meza, kisha akamfuata Isdory nyumbani kudai kolekole wake.

Siku ya pili matajiri wakaja pamoja na majirani. Chombo hakifiki nchi kavu bila kusukumwa, na anayesukuma ana haki ya samaki. Safia hakuwa na mkuku kama jahazi, basi wakasukuma kiti. Walimpeleka hadi dirishani, wakamrudisha hadi mlangoni, wakiimba, naye juu yake ametulia, kidole kwenye simu, akitupa karata mbovu moja baada ya nyingine.

"Weka fedha zote, dada!" Isdory alimnong'oneza. "Liwa, tumalize!"

"Poka si kufagia uwanja, kaka. Nangoja karata."

"Utangoja mpaka lini?"

"Mwani nangoja wiki sita. Na mwani hausukumwi."

Ijumaa, akiwa mbele ya meza ya Mfaume, Isdory aliinama ghafla.

"Huyu kolekole namjua."

"Kolekole wote ndugu."

"Huyu ana kovu shavuni! Nilimnunua Jumatano! Nikamnunua Alhamisi!"

"Barafu nzuri hiyo," alisema Mfaume.

Bimkubwa akatokea nyuma ya kapu la mihogo. "Mwanangu, mimi mjane. Samaki wote wale ningekula na nani? Namrudishia Mfaume kwa nusu bei."

"Na wewe, Mwalimu?" Isdory akamgeukia Apolonia, aliyekuwa kando na daftari.

Apolonia akakohoa kwa heshima. "Sisi ni ushirika. Mimi ni mweka hazina."

Ugomvi ule ulihama sokoni, ukaingia chumbani kwa Isdory, ukaendelea hadi jioni. Kila mtu alipiga kelele isipokuwa Safia, aliyekuwa kitini, uso kama ukuta.

Jumamosi asubuhi, baada ya kitoweo chote kile, foronya ilitoa noti zisizofika hata nusu ya nauli. Isdory akakumbuka kwamba Safia bado ana mtaji wake. Kiti kikiwa kitupu, alimkimbilia hadi gatini, akamkuta amekwisha kupanda, viatu vipya miguuni, boti ikifunguliwa kamba.

"Safia! Hesabu!"

"Jana mlipokuwa mnagombea samaki, karata nilizozingoja zilikuja," alijibu. "Meza nzima ya poka ikanilipa."

"Fungu langu!"

"Fungu gani, kaka? Nimewasikia matajiri: umeniuza nusu tatu. Mimi mwenyewe ninadaiwa nusu nisiyokuwa nayo."

"Angalau nauli, dada! Nitawaambia nini matajiri?"

Injini ilinguruma. Safia akaweka mikono mdomoni apate kusikika vizuri, hata na mtu mmoja mwenye kidevu laini aliyekuwa akishuka gatini taratibu.

"Waambie chombo kimezama, nahodha kapona. Yuko hapo gatini."