Vichwa vya Daraja la Saba

Habari ilisomwa na Fundi Pindo, mshona nguo, ambaye husoma gazeti huku pini zimemjaa mdomoni, kwa hiyo kila neno humtoka limebanwa.

"Shirika la reli," alisoma, "kukata vichwa vyote vya Daraja la Saba."

Wembe, kinyozi wa duka la pili, alipaliwa na kahawa. "Darasa la saba? Watoto wa watu! Wamekosa nini?"

"Mjukuu wangu yuko la saba!" Mama Birika, muuza kahawa, alimimina nje ya kikombe. "Na juzi kafeli hesabu! Ndiyo akatwe kichwa?"

"Daraja! Si darasa!" Pindo alitema pini.

"Daraja gani lina vichwa?"

Hapo Mzee Waya akaona zamu yake imefika. Aliendesha treni za umeme hadi alipostaafu, na benchi hili la kijiwe cha kahawa, linalotazama karakana ya reli, alilichagua mwenyewe, ili kila asubuhi amwone mpenzi wake wa zamani nyuma ya seng'enge, rangi imemchubuka kama ukuta wa choo cha shule.

"Ni vichwa vya treni, nyie," alisema. "Vya umeme. Daraja la Saba ni aina yao, kama Wembe alivyo wa aina ya wambea." Kisha sauti ikamshuka. "Na wangu ni mmojawapo. Bibi Harusi."

"Mkeo anajua habari za huyo bibi harusi?" Wembe alidakia.

"Mke wangu ndiye aliyemkuta."

"Wakishamkata wanampeleka wapi?" Pindo aliuliza.

"Chuma chakavu. Atarudi mjini akiwa masufuria."

Ng'ambo ya seng'enge, fundi wa kukata vyuma alikuwa tayari anaburuta mtungi wake wa gesi. Mzee Waya akageuza uso.

Mwishoni mwa benchi palikuwa na mgeni mwenye kofia ngumu, anakunywa kimyakimya. Akakohoa. "Mimi ndiye mkuu wa karakana. Kimoja naweza kukiacha, mzee, ila nipewe sababu."

"Sababu?" Mzee Waya akakaa sawasawa. "Shika kikombe vizuri, mwanangu. Huyu alishushwa melini kafunikwa turubai jeupe, ndiyo maana ya jina. Kabla yake tulikuwa na vichwa vya makaa. Abiria anapanda na shati jeupe, akishuka mkewe anampa pole ya kuunguliwa na nyumba. Bibi Harusi kaja, kanyoosha mkono juu kashika waya, kimya! Siku ya kwanza alipoondoka, stesheni masta alidhani stesheni ndiyo inarudi nyuma."

"Chumvi hiyo!" alisema Wembe.

"Ana chumba cha dereva huku na kingine kule. Hageuzwi. Reli ikiisha, unatembea ndani yake hadi upande wa pili, mnarudi."

"Sasa mbele yake ni wapi?" aliuliza Pindo.

"Popote nilipo mimi. Wakampa treni ya barua. Mbio zile! Barua zilikuwa zinafika hazijaandikwa. Wakaona wamhamishie machimboni, avute mawe. Siku moja navuta, naona mzito kidogo. Kutazama nyuma, mlima unakuja."

"Mlima?"

"Tuliurudisha. Watu wangeutafuta asubuhi."

Mama Birika alicheka hadi akashika nguzo. Mgeni hakucheka. "Na mota zake? Nzima?"

"Kuliko zako!" Mzee Waya alijipiga goti, akakunja uso, akaukunjua haraka. "Mimi na yeye hatujazeeka, tumefichwa tu! Mpeni umeme leo, mimi nipeni nafasi yangu, mlima huo tunaupanda tunapiga mluzi!"

Mgeni akaweka kikombe chini. "Vizuri. Maana vile vichwa vipya vya kompyuta vimenyeshewa jana, vyote vimezima. Mabehewa ya mawe yamekwama. Umeme upo, Bibi Harusi yupo, ila vijana wangu hawajui hata mlango wake unavutwa au unasukumwa. Utaweza?"

Kijiwe kizima kikamgeukia. Mzee Waya alifikiria goti. Alifikiria mgongo, na miwani aliyoisahau juu ya friji. Nyuma ya seng'enge, moto wa gesi ukawaka, bluu.

"Nitaweza," alisema. "Niinueni tu."

Wembe akashika kwapa moja, Pindo jingine, na mkuu wa karakana akatangulia akimpigia kelele fundi azime moto.

Wenzake wakabaki wameng'ang'ania seng'enge. Muda ukapita. Kahawa ikapoa, wateja wa Wembe wakaondoka na nusu ya nywele. Mwishowe mkono wa chuma ukanyanyuka juu ya paa la Bibi Harusi ukagusa waya, cheche zikaruka, akaguna, akajivuta. Taratibu. Taratibu mno. Kuku mmoja aliyekuwa anadonoa pembeni mwa reli aliwapita bila hata kuharakisha.

Dirishani, Mzee Waya kachomoza kichwa, kifua mbele, anawapungia kama anayekatiza nchi saba.

"Hii ndiyo ile ya kufikisha barua hazijaandikwa?" Wembe aliuliza.

"Ishia hapo hapo!" Mama Birika alimpiga kwa kitambaa cha birika, macho yamemlowa. "Mtu yuko kwenye fungate, wewe unamtaka mbio za nini?"