Bwana Asiyekula ila kwa Mkono wa Babu

Jumatatu, 3 Agosti 1953. Lindi.
Nimekwisha! Jana baada ya Misa nilimwamkia Mzee Alfonsi, baba yake Stefania, shikamoo ya kuinama kabisa. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza mbele ya watu: yule babu yangu anayesifiwa kwamba alifika Ulaya wakati wa Mjerumani, alikwenda kufanya kazi gani? Sikujua. Nikajibu kazi kubwa. Kubwa ipi? Nikakohoa. Akasema posa ije Jumapili, na hilo jibu lije nayo. Mzee alikuwa katekista miaka thelathini, swali halisahau. Na Sipriani dereva, ambaye naye anamtaka Stefania, alikuwa pembeni anachekelea. Babu yake alikuwa mwashi, alijenga kanisa, kila mtu anaona ukuta. Mimi ukuta wangu uko wapi?

Jumanne, 4 Agosti.
Nimeaga kazini, kwenye mizani ya ghala, nimesema nina homa. Si uongo sana, jasho lilikuwa linanitoka. Safari ya Kitomanga kwa shangazi Brigita. Lori lilikuwa moja tu, la Sipriani! Mbele palikuwa na nafasi, akaniweka nyuma juu ya magunia ya chumvi. Shangazi amenieleza yote anayokumbuka. Babu alikaa Ujerumani miaka mitatu. Pale alipofanya kazi palikuwa na geti kubwa la chuma, na kila Jumapili watu walijipanga kuja kutazama. Huyo aliyemhudumia, babu alimwita bwana wangu, basi. Hakula ila kwa mkono wa babu. Babu alipoondoka, bwana aligoma kula siku nne. Nikamuuliza shangazi ni bwana gani. Hajui, alikuwa mtoto, na watoto hawakuuliza.

Jumatano, 5 Agosti.
Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Geti. Watu kujipanga. Bwana mwenye kudeka. Ni mfalme! Babu alikuwa msimamizi wa meza ya mfalme wa Wajerumani. Nilimkuta Stefania bombani, nikamweleza. Hakushtuka hata kidogo. Akatua ndoo, akaniuliza: "Severini, mimi naolewa na wewe au na babu yako?" Wanawake hawajui mambo ya ukoo.

Alhamisi, 6 Agosti.
Shangazi ameniletea picha ya babu, kwa lori la Sipriani, kwa hiyo Sipriani ameshaichungulia. Babu amevaa kofia na koti la vifungo vya shaba. Mfalme mtupu! Ila picha ni nusu. Babu amenyoosha mkono, na picha imekatwa pale pale kwenye kiganja. Shangazi anasema nusu ya pili ilichukuliwa na Mzee Bakary, mtani wetu, siku ya maziko. Mtani akichukua kitu msibani hakatazwi. Tena amemwalika Jumapili, maana posa ya kwetu haiendi bila mtani.

Ijumaa, 7 Agosti.
Nimekwenda kwa Mzee Bakary kuomba ile nusu. Hakunipa. Akanivua kofia yangu, akaivaa yeye, akasema inampendeza. Sikuweza kununa, ndio utani. Nikamsihi Jumapili asiseme neno lolote juu ya babu. Akaapa hatasema neno. Nimerudi nyumbani kichwa wazi.

Jumapili, 9 Agosti.
Nisiandike? Naandika. Nilivaa koti la kuazima. Wazee walikaa, shangazi akatoa barua ya posa, Mzee Alfonsi akauliza swali lake. Nikasimama. Msimamizi wa meza ya mfalme! Nikapitisha picha. Watu wakaguna vizuri tu. Ndipo Mzee Bakary akainuka, kofia yangu kichwani, akapiga magoti na mikono chini, akamwendea shangazi huku anakoroma, akaachama mdomo mbele yake kama anayeomba chakula. Kweli hakusema neno! Kisha akatoa ile nusu ya picha ndani ya kofia. Kifaru! Mdomo wazi, kabichi iko kwenye kiganja cha babu.

Watu walicheka mpaka machozi. Stefania mlangoni naye alicheka. Walipotulia, Mzee Bakary akaeleza kwamba yule kifaru alikamatwa mdogo kwenye pori la Liwale, akakataa chakula cha kila mtu isipokuwa cha babu, wakapakiwa melini wote wawili hadi bustani ya wanyama huko Ujerumani.

Mzee Alfonsi hakucheka. Aliunganisha nusu mbili gotini, akatazama muda mrefu. Akasema: "Mtu aliyemlisha mnyama huyu miaka mitatu, akarudi kwao na mikono yote miwili, alikuwa na subira. Hicho ndicho nilichotaka kujua." Halafu akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli. Neno moja tu, ndiyo, na Stefania ni wangu. Hata Sipriani, aliyekuwa anachungulia dirishani, alikuwa ameinamisha kichwa, ameshakata tamaa. Mimi nikasema huo ni utani, na kifaru alikuwa anapita tu wakati picha inapigwa.

Barua imerudishwa. Nimeambiwa nirudi Krismasi nikishakua. Nimeumia sana. Nampenda yule binti, na mdomo wangu haunipendi.

Jumatatu, 10 Agosti.
Salamu kutoka kwa Stefania! Atanisubiri hadi Krismasi, posa ya Sipriani ameshaikataa. Sharti lake moja: niende na ukweli, nisitie chumvi. Nimelia kwa furaha ghalani, mbele ya mizani. Amesema kweli, na mimi nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kuchagua babu mbaya.

Mama anasema babu mzaa mama alifanya kazi Mombasa. Alikuwa na mkokoteni wa serikali, anapita nao nyumba kwa nyumba alfajiri. Kila alipotokea watu walimpisha njia yote, na wengine waliziba pua kwa heshima. Lazima alikuwa liwali. Koti sijalirudisha.