Watu wa Nyota Wakataliwe Kwanza

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leila, huna adabu! Mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, wa chuo kikuu, unaingia kwa bibi yako hujavua viatu, hujatoa salamu, unaniambia tutawapigia simu watu wa kwenye nyota. Nimemwambia hivyo hivyo, usoni. Naandika hapa pia ili isipotee.

Mambo yenyewe ni haya. Chama chao cha chuoni, cha wanaotazama nyota, kimepewa nafasi kwenye dishi moja kubwa la ng'ambo. Jumamosi saa nne asubuhi dishi litarusha salamu kuelekea nyota fulani, kuuliza kama kuna watu. Salamu za lugha nyingi. Ile ya Kiswahili imepewa mtaa wetu, hapa Nyakabanda, ati kwa kuwa sisi ndio tunaokisema vizuri Kigali nzima. Hilo ni kweli. Sauti ya mtu mmoja, nusu dakika. Lakini kwanza wakazi waulizwe kama wanakubali watu hao waitwe, maana wasomi wenyewe wanagombana.

Nikauliza: huko kuna watu? Hajui. Wangapi? Hajui. Wanakula nini? Hajui. Basi wanafundishwa nini huko chuoni? Salamu inakwenda miaka kumi na miwili, jibu linarudi miaka kumi na miwili. Mimi nina sitini na nane. Wakijibu nitakuwa na tisini na mbili, na ninajua ni nani atakayeambiwa aanze kuwapikia. Hapana! Nimekataa.

Leila akavua viatu, akasema taratibu kwamba si neno, Béatha wa ng'ambo ya barabara amekwisha kukubali kutoa sauti yake.

Béatha! Mwalimu wa kwaya. Amekulia Uganda, Kiswahili chake kila kitu ni iko. Mvua iko, sukari iko, mume iko. Tangu Ramadhani hatusalimiani. Mimi namngoja aanze. Yeye sijui anangoja nini.

Nimefikiri tena. Elimu ni kitu kizuri. Watu wa nyota lazima waitwe. Na lazima waitwe na mtu anayejua kuita.

Jumanne, 9 Septemba

Mkutano wa wakazi, saa kumi jioni. Watu wengi kuliko siku ya kugawa vyandarua.

Zephaniah alisimama kwanza. Mstaafu wa forodha, miaka thelathini mpakani. Anapinga. Akasema katika kazi yake yote hajamwona mtu aliyetoka mbali sana kwa ajili ya kusalimia tu. Akasema anayeweza kufika hapa kutoka kwenye nyota ametuzidi nguvu, na sisi tunampa anwani yetu kwa mikono yetu. Kama wapo, tunyamaze. Watu wakasema mzee ana neno. Kweli alikuwa na neno. Inaudhi.

Muuza mkaa akauliza kama wageni hao watalipa bima ya afya kama sisi. Mama mmoja akauliza kama watatoka umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wachimbe mitaro na wenzao, au watajifanya wagonjwa kama majirani zake wa juu. Mkuu wa mtaa akasema maswali yamepokelewa na yatapelekwa ngazi za juu. Sijui juu gani tena.

Béatha akasema, kwa ile sauti yake laini, kwamba salamu haijaua mtu. Akapigiwa makofi. Basi nami nikasimama. Nikasema: taa zetu wanaziona. Jioni Kigali yote inawaka, kilima hadi kilima. Jirani anaiona taa yako, anajua upo, nawe unakaa miezi na miezi humwambii hata hujambo? Hicho ni kiburi! Ni moyo mbaya! Niliyasema hayo nikiwa nimempa Béatha mgongo.

Makofi mengi kuliko yake. Zephaniah akaninong'oneza kwamba kumbe mukecuru anajua kusema. Nikamwambia kikongwe ni mama yake.

Mikono ikahesabiwa. Arobaini na mmoja waitwe, thelathini na wanane wasiitwe. Tunaita! Sauti itachaguliwa Alhamisi: mimi na Béatha, kila mmoja nusu dakika kwenye simu ya Leila, wakazi wasikilize na wapige kura.

Lazima nishinde. Kila posa ya mtaa huu, miaka thelathini, mimi ndiye ninayekaa nyuma ya pazia nikimnong'oneza msemaji wetu aseme nini. Yeye anashika maikrofoni. Yeye anasifiwa kwa ulimi. Mimi napewa sufuria nioshe. Mara hii maikrofoni ni yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango. Koo la Béatha liharibike siku moja tu, kesho. Si dhambi kubwa.

Nimekaanga sambusa kumi na mbili. Ndani nimetia pilipili mbuzi nane, pamoja na mbegu zake. Nilizikata nikiwa nimejifunga kanga puani, na bado nililia mpaka cherehani sikuiona. Nikamwambia Leila avuke barabara apeleke, zawadi ya jirani. Leila akanikumbatia, akasema Bibi, una moyo gani! Nikamwambia moyo wangu auache, akimbie zisipoe.

Saa nane, hodi. Béatha mwenyewe! Macho mekundu, machozi hadi kidevuni. Nikasema moyoni, imefanya kazi.

Kumbe analia kwa furaha. Amezila zote. Alilelewa na shangazi aliyetia pilipili hata kwenye maharage ya watoto, na tangu arudi Kigali hakuna aliyemkaangia kitu cha kueleweka. Ati leo amemkumbuka shangazi. Sauti haikuharibika. Imezidi kung'aa! Sahani akairudisha imejaa asali, akasema ni ya koo langu, ili kesho tushindane sawa.

Nimeila. Ni asali nzuri sana. Inaudhi.

Lakini andika hili, Sauda, na uliandike kwa herufi kubwa: AMESALIMIA KWANZA.

Alhamisi, 11 Septemba

Ushindi!

Béatha alitangulia. Akasema sisi watu wa Kigali tunawasalimu, tuna amani, njooni mtuone, milango iko wazi. Mimi niliona haya kwa niaba ya dunia. Milango wazi! Kwa mtu ambaye hujamwona hata uso? Huyo ni kama mzazi anayesimama barabarani akimtafutia binti yake mume kwa kupunga leso.

Hapa kwetu hata mtoto anajua siku ya posa inavyokwenda. Wageni wamefika, wamependeza, juzi tu mmekunywa nao chai. Lakini msemaji wa wenyeji ati hawajui! Anawaambia wamepotea njia. Anawaambia nyumba hii haina binti. Wao wanabembeleza, wanataja ukoo wao, wanakataliwa tena, wanabembeleza tena. Ndipo wanakaribishwa kwa heshima zote. Ukikubali mara moja, watasema binti ana kasoro.

Nikaishika simu. Nikavuta pumzi. Nikawaambia watu wa nyota kwamba hatuwajui. Wao ni nani, ukoo gani, mzee wao yuko wapi mbona hajitokezi? Hapa hakuna aliyewaita. Wamepotea. Wanachokitafuta hakipo. Warudi walikotoka! Kwa sauti nzito, ile ile niliyokuwa nikiwanong'oneza wanaume. Nusu dakika kamili, bila kukohoa.

Watu walicheka, wakapiga vigelegele, muuza mkaa akasimama juu ya benchi. Hamsini na watano kwangu, ishirini na wanne kwa Béatha. Béatha mwenyewe alipiga makofi. Zephaniah aliinua mikono yote miwili.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Ijumaa, 12 Septemba

Wenye dishi wamepata tafsiri. Wamechanganyikiwa. Leila alinipigia kutoka chuoni. Ati Kifaransa kinasema karibuni, Kichina kinasema karibuni, kila lugha karibuni, halafu kinakuja Kiswahili kinasema rudini mlikotoka. Wameuliza kama tunatangaza vita. Leila akawaeleza habari za posa. Wakauliza kama watu wa nyota wanaijua posa.

Nikamwambia awajibu hivi: kama hawajui adabu, kwa nini tunawaita?

Leila akampelekea profesa wake swali hilo. Profesa akasema ni swali zuri. Lakini dishi ni lao. Wamesema niongeze neno moja tu mwishoni. Karibuni. Nirekodi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nisiporekodi, watachukua sauti ya Béatha.

Leila akaja mwenyewe, akapiga magoti kwenye mkeka. Bibi, neno moja. Bibi, umeingojea maikrofoni miaka thelathini. Nikasema hilo karibuni nitalitamka wakishabembeleza. Akasema Bibi, wakibembeleza tutawasikia baada ya miaka ishirini na minne. Nikasema nitangoja. Anayetaka kuoa anangoja. Akauliza nani anaoa. Nikamwambia asinivunjie heshima.

Saa kumi na moja akaja Zephaniah na soda mbili baridi. Kunishukuru! Ati tangu aanze kazi hajaona mtu aliyefunga mpaka kwa ustadi namna ile. Ananihesabu upande wake! Nikamweleza kwamba mimi nikisema rudini, maana yake wasogee, waombe vizuri. Akauliza, basi wewe ukitaka mtu aondoke kweli, unamwambiaje? Nikamwambia aondoke. Akafungua soda ya pili, akavuta kiti, akakaa mpaka adhana ya magharibi.

Saa kumi na mbili imepita. Sikulisema lile neno. Sauda hashikwi mkono.

Jumamosi, 13 Septemba

Mtaa mzima umejazana dukani kusikiliza kwenye simu. Mimi nimebaki na cherehani. Nimeshona kola kinyume. Nimefumua. Nimeshona tena kinyume. Sikuwa na mawazo yoyote, ni uzi tu mbaya.

Saa nne na dakika tano, vigelegele. Imekwenda.

Ingekuwa sauti yangu. Hilo nimelisema mara moja na silirudii.

Leila amerudi anacheka peke yake. Anasema Bibi, hujui alichofanya Béatha! Amekataa wasitumie ile sauti yake ya Alhamisi. Ati mshindi ni Bi Sauda, na si haki mshindi asahauliwe. Jana jioni amerekodi upya. Amesema hivi: mimi Béatha, pamoja na jirani yangu Bi Sauda, anayejua kupokea wageni kuliko sisi sote, tunawakaribisha.

Leila alidhani nitafurahi. Alikwisha kutandaza mikono anikumbatie.

Nimekaa chini. Jina langu! Sasa hivi linapaa huko juu, nyuma ya jina la Béatha, linawakaribisha watu nisiowajua, kabla hawajabembeleza hata mara moja! Sikuulizwa! Hao wakishuka watamtafuta Sauda. Wataelekezwa hapa mlangoni. Watasema, kumbe ndiye huyu, yule mama aliyekubali haraka.

Zephaniah amepita dirishani, amegeuza uso. Ananiona nimemsaliti. Soda zake nilizinywa? Hapana, alizinywa zote mbili mwenyewe.

Jumapili, 14 Septemba

Béatha amepita akienda kanisani. Amenipungia mkono, akasalimia kwanza, mara ya pili wiki hii. Sikuitika. Kwanza aje aniombe msamaha kwa kunisifu.

Leila ananuna. Anasema mama wa watu amenitendea wema, nami namlipa ukimya. Anasema nimewahutubia wakazi kwamba kumnyamazia jirani ni kiburi. Ndiyo, nilisema. Nilikuwa nazungumzia jirani wa kwenye nyota. Wa ng'ambo ya barabara ana habari zake.

Lakini sikukaa bure. Nimepata dawa. Salamu ya Béatha imetoka jana tu. Ina safari ya miaka kumi na miwili. Haijafika popote! Yangu ikitoka wiki hii, kwa nguvu, inaipita njiani. Leila anasema mawimbi yote yana mwendo mmoja, la leo haliwezi kulipita la jana. Huo ni uvivu wa wasomi. Basi la saa mbili linatoka Nyabugogo na dereva anayesinzia, la saa tatu linalipita kabla ya Muhanga. Nimelipanda mwenyewe. Béatha amesema polepole kama anayembembeleza mtoto alale. Mimi nitasema haraka.

Maneno nimeyapanga. Yule mwanamke si msemaji wetu, msemaji ni mimi. Walichokisikia hawakukisikia. Na kama hawajakisikia, kinakuja, wasikipokee. Hatuwajui. Wamepotea njia. Warudi walikotoka, na wakirudi tu bila kubembeleza, basi hawana kwao. Na kama watabembeleza, wasije mchana wa Ramadhani.

Haya, Leila. Acha kununa, vua hivyo viatu, pasi nguo zako. Kesho saa mbili asubuhi uwe umesimama mlangoni kwa profesa. Mwambie dishi alielekeze pale pale, asiliguse hata kidogo, na mara hii afungulie sauti mpaka mwisho.