Kulwa Apimwe Presha kwa Niaba Yangu

Jumapili, 1 Agosti 2021. Bariadi.
Baada ya misa Nesi Flora kapewa nafasi ya kutangaza. Kasema wenye presha tusiache dawa kipindi hiki cha korona, maana ugonjwa huu ukimkuta mtu mwenye moyo dhaifu unamwumiza zaidi. Alisema akiniangalia mimi. Kanisa zima likageuka! Mke wangu Specioza akawa anaitikia kwa kichwa. Hajui kuwa dawa niliziacha tangu nianze kujifukiza. Akijua, nyama na chumvi basi tena. Na kliniki yangu ni keshokutwa Jumatano.

Jumatatu, 2 Agosti.
Jana nilikosea, Jumatano ni keshokutwa kuanzia leo. Hata hesabu inanipandisha presha. Nimejifukiza mara mbili ili ishuke. Mikaratusi, mwarobaini, blanketi mbili nzito. Moyo ukaenda mbio, nikatoka nikiyumba mpaka zizini nikalala. Specioza kauliza nafanya nini katikati ya mbuzi. Nimesema nakagua kupe.

Jumanne, 3 Agosti.
Wazo! Pacha wangu Kulwa kaja kutoka Shishiyu. Anachunga ng'ombe, anatembea kutwa, hana kitambi. Akivaa barakoa, hata padri hawezi kujua ni yupi. Na kwetu pacha mmoja akipewa nguo, wa pili apewe. Mmoja akinyolewa, wa pili anyolewe. Basi akipimwa Kulwa, Doto, yaani mimi, kapimwa. Kulwa kakataa. Kasema yeye ndiye mkubwa na mkubwa hadanganyi. Nikamwahidi shati langu la harusi. Kakubali.

Jumatano, 4 Agosti.
Nimesubiri kwa fundi baiskeli, ng'ambo ya zahanati. Kulwa hatoki. Mara Specioza huyo, anakimbia, kanga inaburuzika. Kanipita. Kasimama. Karudi. Kasema Nesi Flora kampigia simu kwamba mumewe kalazwa, presha iko juu vibaya sana. Kauliza, kama mimi niko hapa nakula karanga, aliyelazwa ni mume gani. Nimemkaribisha karanga. Fundi naye kaacha kazi asikilize.

Alhamisi, 5 Agosti.
Zahanati tumejieleza, na presha ni ya Kulwa kweli. Mchunga ng'ombe mzima! Hajawahi kupimwa maisha yake yote. Nesi kasema korona ingemkuta hivi, tungekuwa msibani. Nililia, sifichi. Ndugu yangu mmoja tu, tumekaa tumbo moja. Halafu Nesi akanivisha kile kitambaa cha kipimo bila kuniuliza. Yangu ikawa juu kuliko ya Kulwa. Tangu tuzaliwe sijawahi kumshinda kwa lolote.

Jumapili, 8 Agosti.
Specioza kaficha chumvi. Vidonge tunameza mbele yake, kisha anatuamuru tufungue midomo aone. Asubuhi tunatembea barabara ya Kasoli na barakoa zetu. Kulwa anatangulia, anajivuna. Nimeapa mbele ya wote wawili kwamba dawa siachi tena.

Jumatatu, 30 Agosti.
Kulwa, aliyekwisha kurudi kwake, alikuja juzi kupimwa. Presha imeshuka vizuri kabisa, Nesi kamsifu mbele za watu. Mimi vidonge nimekuwa nikivibana chini ya ulimi, na kutembea nimeacha kwa sababu ya goti. Kliniki yangu ni kesho. Nimekaa nikatafakari kosa letu la mara ya kwanza, na nimeliona. Tulimpeleka Kulwa kabla hajatibiwa. Sasa ametibiwa. Nimemtumia ujumbe aje alale kwetu leo.